Yadi Moja ya Matofali: Historia ya Mbio za Indianapolis 500

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliofuatana na wazazi wenu:

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tulilisikia kwa masikio kabla ya kulifahamu. Mwezi Mei wa kwanza nilioishi hapa Indianapolis, nilikuwa uani nikianika nguo niliposikia mvumo kutoka upande wa magharibi, mvumo mrefu kama wa nyuki waliochokozwa mzingani, ukipanda, ukififia, kisha ukirudi tena baada ya sekunde 40 hivi. Jirani yangu, mzee mwenyeji wa mji huu, aliniona nimetega sikio, akacheka, akaniambia kwamba ni magari ya mashindano yanafanya mazoezi. Nikamuuliza yanakwenda wapi. Akanijibu kwamba hayaendi popote, yanazunguka tu.

Jibu hilo lilinishangaza, kwa sababu kwetu sisi tuliokulia Afrika Mashariki mashindano ya magari maana yake ni Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ambayo hulitoa gari mjini na kulipeleka kwenye matope, vumbi na mawe ili ionekane kama litarudi. Gari linalozunguka mara 200 mahali pamoja, likikata kona za kushoto tu, lina nini cha kutazamwa? Swali hilo ni la haki wala sitalipuuza, ila nitawaomba kwanza mtazame chini. Kwenye mstari wa kuanzia na kumalizia wa uwanja wa mbio za Indianapolis 500 kuna ukanda wa matofali wenye upana wa yadi moja, yaani sentimita 91, unaoikata lami kutoka ukingo hadi ukingo. Wageni hudhani ni pambo. Mimi nauona kama jiwe la kaburi, kwa sababu karibu kila kitu kilichotengenezwa upya katika uwanja ule kilitengenezwa baada ya mazishi, na matofali ndiyo yaliyotangulia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Detroit ulikuwa haujawashinda wenzake kwa kutengeneza magari. Viwanda vya magari vilikuwa vimetapakaa katika jimbo hili la Indiana, na majina kama Marmon, National na Cole, na baadaye Stutz na Duesenberg, yalikuwa na heshima yake. Carl Fisher, aliyeanza kwa kuuza baiskeli na kisha kutajirika pamoja na James Allison kwa kuuza gesi ya kuwashia taa za magari, aliona kwamba viwanda vyote hivyo vina shida moja: hakukuwa na mahali pa kulikimbiza gari kwa nguvu zake zote, maana barabara za wakati ule zilikuwa za udongo, zimejaa mashimo na mikokoteni ya farasi. Yeye na Allison, pamoja na Arthur Newby na Frank Wheeler, walinunua shamba la zaidi ya ekari 300 magharibi mwa mji wakajenga kiwanja cha majaribio ambacho umma ungelipa kiingilio kukitazama. Njia yake tumezoea kuiita duaradufu, lakini ukiitazama vizuri ni mstatili uliokunjwa pembe: pande mbili ndefu zilizonyooka, pande mbili fupi, na kona 4 za robo maili kila moja, zilizoinamishwa kidogo tu, nyuzi 9 hivi. Jumla ni maili 2.5, sawa na kilomita 4. Umbo hilo halijabadilika tangu mwaka 1909. Kilichobadilika ni kilicho juu yake na kilicho pembeni yake.

Sakafu ya kwanza ilikuwa ya kokoto zilizomwagiwa lami nyepesi na kushindiliwa. Tarehe 19 Agosti 1909, siku ya kwanza ya mashindano ya magari, sakafu hiyo ilianza kubanduka; mawe yaliwaruka madereva usoni na mashimo yakafunguka mbele ya magurudumu. Siku hiyohiyo walikufa dereva William Bourque na fundi wake Harry Holcomb. Siku ya tatu tairi la gari lingine lilipasuka, gari likatoka njiani na kuingia palipokuwa na watu, likamwua fundi mmoja na watazamaji wawili. Mbio hizo zilisimamishwa kabla hazijafika mwisho. Watu 5 walikuwa wamekufa katika siku 3, na chama kilichosimamia mashindano kikaweka wazi kwamba hakitarudi pale mpaka njia itengenezwe.

Fisher na wenzake wangeweza kufunga lango na kuuza shamba. Badala yake waliagiza matofali 3,200,000, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 4, wakayapanga kwa mikono, moja baada ya jingine, juu ya mchanga uliosawazishwa, na kazi ikaisha kwa siku 63. Ninawaomba waashi waliomo humu ndani waipime hesabu hiyo: ni zaidi ya matofali 50,000 kila siku, tena mvua na baridi ya vuli ya Indiana zikiwa njiani.

Mwaka 1910 yalifanyika mashindano mengi madogomadogo, na kila yalipozidi ndivyo watazamaji walivyopungua. Hapo wenye uwanja wakapata wazo lililowatoa: badala ya mbio nyingi kwa mwaka, yawepo mashindano makubwa ya mara moja, yenye zawadi nono, ya masafa ambayo yangejaza siku nzima na bado yakamruhusu mtazamaji afike nyumbani kwa chakula cha jioni. Wakachagua maili 500, karibu kilomita 805, na tarehe ikawa 30 Mei 1911, sikukuu ambayo Wamarekani huwakumbuka askari wao waliokufa vitani.

Magari 40 yaliingia njiani siku hiyo. Karibu kila moja lilikuwa na watu wawili, dereva na fundi wake, ambaye kazi yake haikuwa mbali na ya utingo wa lori la kwetu: kupampu mafuta, kuangalia tairi, na kugeuza shingo nyuma kumwambia dereva ni nani anayekuja. Ray Harroun, mhandisi wa kiwanda cha Marmon, alikuja peke yake katika gari jembamba la rangi ya manjano lililopewa jina la Nyigu, lenye mkia uliochongoka. Wapinzani wakalalamika kwamba mtu asiyeona nyuma ni hatari kwa wenzake. Harroun akafunga kioo cha kujitazamia juu ya vyuma 4 mbele ya uso wake, akawanyamazisha. Gari hilo limehifadhiwa katika makumbusho yaliyomo ndani ya uwanja, na ukisimama mbele yake utakiona kioo chenyewe, cha mstatili, kisichozidi ukubwa wa kioo cha kunyolea ndevu. Kinachonifurahisha ni kwamba Harroun mwenyewe alikuja kukiri baadaye kuwa matofali yalikitikisa kioo kile kiasi kwamba hakuona cha maana ndani yake.

Alishinda kwa muda wa saa 6 na dakika 42, kwa wastani wa maili 74.6 kwa saa, kama kilomita 120. Ushindi huo una doa. Katikati ya mbio ilitokea ajali karibu na jukwaa la makarani waliokuwa wakihesabu mizunguko, na inasimuliwa kwamba kwa muda fulani hesabu iliachwa bila mtu wa kuiandika. Kuna wanaoamini hadi leo kwamba aliyestahili kutangazwa ni Ralph Mulford, aliyewekwa wa pili. Kwa maoni yangu mjadala huo hautaisha, na wala haufai kuisha, maana ndio uliowafanya watu warudi mwaka uliofuata.

Na waliorudi mwaka 1912 waliona kitu ambacho hata asiyependa magari hawezi kukisikia akakisahau. Ralph DePalma, mhamiaji kutoka Italia, aliongoza mizunguko 196 kati ya 200 katika gari lake la Mercedes, akiwa amewaacha wenzake mizunguko kadhaa. Zikiwa zimebaki kama maili 5 tu injini ikavunjika. Gari likajikokota, likasimama. DePalma na fundi wake, Rupert Jeffkins, wakashuka wakaanza kulisukuma kwa mikono juu ya matofali, katika jua la Mei, mbele ya jukwaa kuu lililosimama lote kuwashangilia, huku Joe Dawson akipita kando yao kwenda kuchukua ushindi. Dawson aliongoza mizunguko 2 tu siku ile, na ndiyo iliyohesabiwa. Mulford naye, aliyeambiwa kwamba hatalipwa zawadi ya nafasi ya kumi asipomaliza maili zote, aliendelea kuzunguka peke yake watu wakiondoka uwanjani, akasimama njiani kula kuku wa kukaanga, akamaliza baada ya karibu saa 9. DePalma alirudi na kushinda mwaka 1915, lakini muulizeni mzee yeyote wa hapa, atawasimulia habari za kusukuma.

Mtu mwingine ataniuliza kwa nini magari ni 33 na si 30 au 40. Kanuni ya zamani ilisema kila gari lipewe nafasi ya futi 400 za njia ili yasibanane. Njia ina futi 13,200. Gawanyeni wenyewe.

Na maziwa je? Hili nalo lina mwanzo unaotuhusu sisi wanywaji wa mtindi. Louis Meyer, mtu wa kwanza kushinda mara 3, alikuwa amefundishwa na mama yake kwamba siku ya joto kinywaji bora ni maziwa mtindi, yale ambayo ndugu zetu wa Kenya huyaita mala. Alipomaliza mbio za mwaka 1936 akapigwa picha akiyanywa kwenye chupa, na wauzaji wa maziwa, ambao hawalali, wakaona hiyo ni biashara. Tangu miaka ya 1950 mshindi hukabidhiwa chupa ya maziwa, ila mtindi umesahaulika. Emerson Fittipaldi wa Brazili, aliyekuwa na mashamba ya michungwa, alithubutu mwaka 1993 kunywa maji ya machungwa kwanza, akazomewa.

Mwaka huohuo wa 1936 ndipo lilipoletwa kombe kubwa la fedha ambalo kila mshindi huchongwa sura yake. Ni kombe zuri, lakini kuna sura ambazo hazimo kwa sababu wenyewe hawakuruhusiwa hata kujaribu, na hapa ninaomba uvumilivu wenu.

Katika mji huuhuu aliishi fundi mweusi, Charlie Wiggins, mzaliwa wa Evansville kusini mwa jimbo. Alikuwa na karakana yake, alijenga magari yake ya mashindano mwenyewe kwa vyuma alivyookoteza, na mafundi wazungu walikijua kipaji chake. Lakini chama kilichosimamia mbio za Indianapolis hakikuwapa leseni madereva weusi, na Indiana ya miaka ya 1920 ilikuwa mahali ambapo kundi la wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu hadi ndani ya serikali ya jimbo. Kwa hiyo mwaka 1924 Wamarekani weusi walianzisha mbio zao za maili 100 kwenye njia ya udongo ya viwanja vya maonyesho vya jimbo, zikajulikana kwa jina la Gold and Glory, yaani dhahabu na utukufu. Wiggins alizishinda mara 4. Mwaka 1936 magari mengi yaligongana katika vumbi zito, naye akapoteza mguu. Mbio zenyewe zikafa pamoja na siku hiyo. Alijichongea mguu wa mti akarudi karakanani, akaendelea kujenga magari na kufundisha vijana hadi alipofariki mwaka 1979. Dereva wa kwanza mweusi kuingia katika mbio za maili 500, Willy T. Ribbs, aliingia mwaka 1991, miaka 80 baada ya Harroun, na injini yake ikamwangusha baada ya mizunguko 5. Wanawake nao hawakuruhusiwa hata kukanyaga eneo la gereji mpaka mwaka 1971. Janet Guthrie alikimbia mwaka 1977, na mwaka uliofuata akashika nafasi ya tisa akiwa amevunjika kifundo cha mkono.

Nirudi njiani. Vita Kuu ya Pili ilipofunga uwanja kuanzia mwaka 1942, magugu yaliota kati ya matofali na majukwaa ya mbao yakaanza kuoza. Wilbur Shaw, bingwa wa mara 3, alikwenda pale mwaka 1944 kujaribu matairi, akaumia moyoni kwa alichokiona, akaanza kutafuta mnunuzi mwenye imani. Alimpata Tony Hulman, mfanyabiashara wa Terre Haute, aliyenunua uwanja Novemba 1945. Mbio zikarudi Mei 1946.

Magari yalipozidi kasi, matofali yenyewe yaligeuka kuwa adui. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa imekwisha kufunikwa kwa lami kidogokidogo tangu miaka ya 1930, na Oktoba 1961 kipande cha mwisho, mbele ya jukwaa kuu, kikafunikwa pia, ikaachwa yadi ile moja. Mengi ya matofali ya zamani yako palepale, chini ya lami.

Mwaka huohuo wa 1961 Jack Brabham wa Australia alileta gari dogo la Cooper lenye injini nyuma ya dereva. Wenyeji, waliozoea magari mazito yenye injini mbele, walilitania, na lilimaliza la tisa tu. Lakini lilikata kona kwa namna ambayo magari yao hayakuweza, na mwaka 1965 Jim Clark wa Uskoti, katika gari la Lotus lenye injini nyuma, aliongoza mizunguko 190 na kushinda. Baada yake hakuna gari lenye injini mbele lililoshinda tena.

Kati ya Brabham na Clark kuna mwaka 1964. Katika mzunguko wa pili Dave MacDonald aligonga ukuta wa ndani akitoka kona ya nne, gari lake likiwa limejaa petroli. Likawaka, likarudi katikati ya njia, na Eddie Sachs akaligonga. Wote wawili walikufa. Moshi mweusi ulipanda hadi ukaonekana mbali, na kwa mara ya kwanza mbio hizo zilisimamishwa kwa ajili ya ajali. Mwaka uliofuata kanuni za mafuta zilikuwa zimekazwa, na methanoli, mafuta ya aina ya alkoholi, ndiyo iliyotawala, kwa kuwa moto wake huzimika kwa maji.

Lakini methanoli ina hila yake: mchana mwali wake hauonekani. Mwaka 1981 Rick Mears aliingia kituo cha mafundi kujaza mafuta, bomba likamwaga, na waliokuwa mbali waliona kitu cha ajabu: watu wazima wakirukaruka na kujipiga mwili bila sababu. Walikuwa wanaungua. Mears alijaribu kujivua kofia huku uso ukiungua, hadi baba yake alipochukua kizimamoto na kumwokoa. Aliishi, na jina lake limo kwenye orodha fupi ya walioshinda mara 4, pamoja na A. J. Foyt, Al Unser na Hélio Castroneves wa Brazili.

Habari za ugomvi wa wenye timu na wenye uwanja uliogawanya mashindano ya Marekani kuanzia mwaka 1996 hadi 2008 nitaziruka. Ulikuwa ugomvi wa fedha na madaraka, na watazamaji ndio walioumia. Jambo moja jema lilitoka katika kipindi hicho. Kuta za zege, ambazo kwa miaka mingi ziliwavunja madereva mifupa na kuwaua, mwaka 2002 zilianza kuvikwa katika kona ukuta wa pili wa mabomba ya chuma wenye matabaka ya povu gumu nyuma yake, uliobuniwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Gari likiugonga, ukuta hunywea kidogo na kuichukua sehemu ya kishindo ambayo zamani ilikuwa ya mwili wa mtu. Uwanja wetu ulikuwa wa kwanza kuufunga.

Mtu mmoja anaujua ukuta huo vizuri. Mwaka 2011, miaka 100 baada ya Harroun, kijana J. R. Hildebrand, akikimbia hapa kwa mara ya kwanza, alikuwa mbele ya wote akiwa amebakiza kona moja. Si mzunguko mmoja, kona moja. Mbele yake palikuwa na gari la mwendo wa polepole. Akaamua kulipita kwa nje, kwenye upande ambao vipande vya mpira uliosagika kutoka kwenye matairi hujikusanya na kuteleza kama gololi. Gari likamtoka, likagonga ukuta. Akatoka mzima. Gari lenyewe, magurudumu ya kulia yakiwa yamevunjika, liliserereka kando ya ukuta kwa kasi iliyobaki likavuka yadi ya matofali likiwa la pili, kwa sababu Dan Wheldon wa Uingereza alikuwa amekwisha kulipita kabla ya mstari.

Wheldon hakuwa na kazi ya kudumu mwaka ule. Sehemu kubwa ya msimu aliitumia kulijaribu gari jipya lililokusudiwa kuwalinda madereva vizuri zaidi kuanzia mwaka 2012. Oktoba 2011 alikufa katika ajali kwenye uwanja wa Las Vegas, akiwa katika gari la muundo wa zamani. Lile jipya likapewa jina la DW12. Magari mtakayoyaona Jumapili bado yamejengwa juu ya muundo huo, na herufi mbili za mwanzo ni za kwake.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.